Kimraba cha bakshishi mezani: ukiskani, linatokea jina la nani?

Mhudumu_Kabalagala

Shikamoo wakubwa, wengine habari zenu. Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, leo limenishika pabaya nikaona niandike.

Nimezaliwa Bwera, Kasese, riziki naitafutia Kampala. Mwaka wa sita huu nabeba sahani katika mgahawa mmoja wa Kabalagala, wa nyama choma na samaki, wenye bendi Ijumaa na Jumamosi. Mshahara wetu mnaujua ulivyo. Kilichokuwa kinatufikisha nyumbani ni bakshishi. Mteja anakula, ananawa, anaacha elfu mbili chini ya kikopo cha vijiti vya meno. Akifurahi sana anaacha elfu tano. Usiku ukiwa mzuri unarudi na nauli, mkate, na ada ya mtoto imesogea kidogo.

Siku hizi noti hakuna. Mteja anainuka, anakwenda kaunta, anatazama kile kibao cha njano cha MoMoPay, malipo ya simu ya MTN, anabonyeza *165*3#, anaweka bili na kitu juu yake, halafu ananigeukia: "Dada, na yako nimeiweka humo humo." Namshukuru, anaondoka. Sasa nenda kaidai hiyo yako! Mwisho wa wiki mhasibu anasema hesabu imekaa sawa, hakuna kilichozidi.

Halafu uongozi ukaleta vimraba vya QR, kimoja kila meza, vimeandikwa "Mshukuru mhudumu wako". Tulifurahi, tukapiga hadi picha. Wiki ya kwanza, kwenye meza zangu tu, nilihesabu kwa macho yangu watu kumi na mmoja walioskani. Wiki ya tatu ilipoisha tukagawiwa shilingi 12,000 kila mmoja. Za wiki tatu. Mwenzangu akatoa simu yake, akaskani kimraba, na kabla hajaweka namba ya siri likatokea jina la mpokeaji. Jina la mgahawa. Yaani shukrani za "mhudumu wako" zilikuwa zinaingia mfuko ule ule zinakoingia hela za bia.

Niliuliza kwa adabu. Nikajibiwa kwamba hizo ni "za pamoja" na zinasaidia kufidia sahani zinazovunjika.

Basi nimechukua msimbo wangu mwenyewe, nimeuchapisha, nimeutia kwenye plastiki na nauvaa kifuani pamoja na kitambulisho cha kazi. Jana meneja ameuona. Hakusema neno, alikunja uso tu. Nauliza: nimekosea? Na ninyi wenzangu wa saluni, wapiga muziki, wabeba mizigo, mnafanyaje?

Mzee_wa_Bombo

Marahaba binti yangu. Hujakosea. Watu wakisikia bakshishi wanadhani ni hela ya soda. Wakumbushe kwamba kima cha chini cha mshahara kilichoko kwenye vitabu vya nchi hii ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na kiliwekwa mwaka 1984. Sijakosea sifuri. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia saini, tukabaki na hiyo elfu sita ambayo leo hainunui kuku. Kwa hiyo mwajiri anakulipa anavyojisikia, na mteja ndiye anayekamilisha mshahara. Mwajiri akiichukua na hiyo ya mteja, amekukata mshahara mara mbili.

Dada_Saluni_Ntinda

Mhudumu, umesema "msimbo wangu". Ni msimbo wa biashara au ni namba yako ya simu uliyoigeuza kimraba? Maana hapo pana shimo, na mimi nilitumbukia.

Mwaka jana mteja mmoja, mwanamume, alimleta mkewe kusuka. Akataka kuniachia kitu, nikampa namba yangu ya kawaida. Alituma 10,000, nikafurahi. Saa tano usiku simu inaita. Kesho yake WhatsApp: "Umelala?" Akijibiwa kwa ukali anauliza mbona hela yake nilipokea. Hela ya nywele za mkewe! Nilibadilisha laini mwishowe, na wateja wangu wengine wote wakapotelea humo.

Ukitumiwa moja kwa moja, mtumaji anayo namba yako na jina lako lote kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Ukipokea kwa msimbo wa biashara anaona zile tarakimu chache na jina la biashara, basi. Mimi wangu unatokea kwa jina la saluni na herufi mbili za jina langu. Wasichana mnaohudumu baa, naomba hili mlisome mara mbili.

Mhudumu_Kabalagala

Asante dada. Ni wa biashara, ila nimeuandikisha kwa majina yangu yote matatu. Nitarudi kuubadilisha.

Mpitanjia_Mutukula

Samahani, mimi ni wa upande wa Tanzania, navuka hapa Mutukula kila wiki. Mara ya kwanza muuza ndizi wa Uganda aliponiambia "lipa kwa kodi yangu" nilipandwa na hasira. Nikamwambia bibi, kodi nimeshaacha ya kutosha forodhani! Kumbe anamaanisha msimbo. Sisi kwetu ni Lipa Namba, iko hadi kwa muuza mihogo.

Ila kuhusu bakshishi, kwetu pwani kumpa mwimbaji hela ni sehemu ya burudani yenyewe. Kwenye taarabu mama anainuka na noti yake, anaijia jukwaa taratibu akicheza, ukumbi mzima unamtazama, na pengine mstari unaoimbwa wakati huo ndio anaoutumia kumpiga kijembe aliyekaa meza ya pili. Huko ndiko kutunza. Sasa ukimwambia akae kwenye kiti askani, kijembe kitafika vipi?

Mpiga_Adungu

Mpitanjia umenigusa panapouma. Mimi natoka West Nile, napiga adungu, ala yetu ya nyuzi, kwenye harusi na kwenye hoteli kadhaa za Kampala na Entebbe. Kikundi chetu tuko watano. Hela ya mkataba inakwenda kwenye usafiri na kukodi vyombo, faida yetu ni ile tunayobandikwa kwenye paji la uso. Huku Waganda wanaiita akasiimo. Mtu anakuja na noti za elfu moja moja kumi, anazibandika moja moja, anacheza, anapigwa picha. Angeweza kutoa noti moja ya elfu kumi na ikaisha, lakini utamu wake uko katika kule kuonekana.

Tulipoanza na QR tulichapisha kikaratasi cha ukubwa wa kiganja, tukakiegemeza kwenye spika. Usiku wa kwanza hakuna aliyetuma hata mia tano. Watu walikuwa mita tatu kutoka kwetu, taa ni za rangi, kamera hazioni kitu. Wenye moyo walilazimika kuja kuinama mbele ya spika kama wanaotafuta pini iliyoanguka. Nani atafanya hivyo akiwa na gomesi, lile gauni la sherehe?

Tukabadilisha mambo mawili. Kwanza tukatengeneza ubao mkubwa, na taa nyeupe juu yake. Pili, na hili ndilo lililoleta hela, MC akapewa ile simu inayopokea ujumbe. Kila muamala ukiingia, katikati ya wimbo anatangaza: "Elfu ishirini kutoka meza ya wajomba!" Mara meza ya mashangazi nao wanaulizana, sisi tumekaa tu? Siku hiyo tulipata mara tatu ya tuliyozoea kupata kwa noti.

Halafu tukaharibu. MC alisoma jina zima la bwana mmoja aliyetuma 100,000. Bwana huyo nyumbani alikuwa amesema yuko msibani Masaka. Simu za ukumbini zilikuwa zinarekodi, si mnajua. Sasa tunatangaza meza au ukoo, jina la mtu hatulitaji mpaka mwenyewe aje kwa MC atuambie tulitaje.

Fundi_Misimbo

Mpiga Adungu, hesabu ya haraka ambayo mafundi tunaitumia: umbali wa msomaji ugawe kwa kumi, hapo ndipo upana wa kimraba. Mtu akiwa mita moja, sentimita 10. Akiwa mita tatu, sentimita 30. Kile cha kifuani kwa Mhudumu, mteja akiwa amekaa na yeye amesimama, sentimita 5 au 6 zinatosha.

Mengine kwa sababu naona watu wanakosea sana:

Acha nafasi nyeupe kuzunguka kimraba pande zote, na usiruhusu mchoraji ajaze maua hapo. Wino mweusi, karatasi nyeupe. Nimeona mgahawa umechapisha dhahabu juu ya kahawia ili "kipendeze", na kimependeza kweli, ila hakisomeki. Plastiki inayong'aa chini ya taa inarudisha mwanga kwenye kamera, tafuta isiyong'aa. Kikichubuka usiogope mno, kwa sababu wakati wa kukitengeneza unachagua kiwango cha kujirekebisha, na kile cha juu kabisa kinavumilia kuharibika hadi kama asilimia 30. Vitu hivi vilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, kwa hiyo uchafu na grisi vilishafikiriwa tangu siku ya kwanza. Mchuzi wa samaki ni mambo madogo.

Chini ya kimraba andika zile tarakimu za msimbo kwa herufi kubwa. Usiache! Kuskani kunataka simu janja, programu na bando, na bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 juu yake tangu Julai 2021. Mwenye kitochi anabonyeza *165# au *185# na anafika palepale bila intaneti. Mtandao wa njano (MTN) na mtandao mwekundu (Airtel) kila mmoja una msimbo wake, ndiyo maana maduka yanatundika vibao viwili. Fanya hivyo hivyo, la sivyo nusu ya wateja watasema "ningekupa ila niko Airtel".

Na wizi. Kimraba kilichobandikwa mezani hakina mlinzi. Mtu anakuja na stika yake ya ukubwa ule ule, anabandika juu ya yako, anaagiza soda, anaondoka. Kimya. Wateja wanaendelea kuskani, hela zinakwenda kwake. Uchina, ambako hata wapiga muziki wa barabarani wanapokea kwa QR, mchezo huu ulisumbua hadi Benki Kuu yao ikaweka kikomo cha yuan 500 kwa siku kwa malipo ya mteja kupitia misimbo ya karatasi, kuanzia Aprili 2018. Kwa hiyo kila mnapofungua asubuhi pitisha kucha kwenye kingo za kila kimraba. Ikiinuka kuna kitu chini. Halafu skani kimoja, usome jina.

KijanaWaKasese

Ongeza ujumbe feki. Mlevi anakuonyesha skrini yake: "Umetuma 50,000". Unamshukuru mpaka mlangoni. Kumbe ni picha ya mwezi uliopita. Angalia salio lako, skrini ya mtu usiiamini.

Mwenye_Mgahawa_Jinja

Najua nitapigwa mawe humu, lakini acheni niseme upande wa pili.

Mimi nina mgahawa mdogo Jinja, wafanyakazi tisa. Wahudumu wanne wako mbele ya mteja, wamevaa vizuri, wanacheka. Nyuma kuna mpishi aliyesimama motoni tangu saa moja asubuhi, kuna anayepara samaki, kuna mama anayeosha vyombo. Mteja anaposema "chakula kilikuwa kitamu sana" anamwambia nani? Anamwambia mhudumu. Na elfu tano inakwenda kwa mhudumu. Kila mmoja akivaa kimraba chake kifuani, mpishi wangu avae wapi? Aje nacho mezani na jasho lake?

Kuna na la meza. Wahudumu wangu walipoanza kupokea binafsi, ghafla kila mtu anazitaka meza za bustanini wanapokaa wazungu, meza za karibu na choo zikawa yatima. Mama mzee anakuja kunywa chai, dakika kumi hakuna anayemwona.

Simtetei mwajiri wa Mhudumu. Kula bakshishi kwa kisingizio cha sahani zilizovunjika ni wizi tu, hata mimi nasema. Ila si kila anayesema "za pamoja" ni mwizi.

Mzee_wa_Bombo

Bwana wa Jinja, maneno mazuri. Basi hiyo simu ya "pamoja" kwako anaishika nani?

Mwenye_Mgahawa_Jinja

Mzee wangu... naishika mimi.

Mzee_wa_Bombo

Ahaa.

Mhudumu_Kabalagala

Mzee umenichekesha hadi mteja ameniangalia.

Ila bwana wa Jinja amenifikirisha usiku kucha. Mama Mpishi wetu ndiye anayenifichia ugali nikichelewa zamu. Tangu nivae kimraba sijawahi kumpa hata elfu moja, wakati enzi za noti ilikuwa kawaida kupitisha kitu jikoni kabla ya kuondoka. Noti unaiona, mkono unaikata. Ikiwa kwenye simu unaisahau, au unajifanya umesahau.

Mbeba_Mizigo_Buhoma

Salamu kutoka Bwindi. Sisi tunabeba mabegi ya watalii wanaokwenda kuona sokwe. Mgeni wa nje anakuwa ameshalipa dola 800 za kibali, kwa hiyo anapofika kwetu mfuko wake una vinoti vidogo vidogo vya mwisho. Anakupa dola tano za moja moja. Wewe unasema asante, yeye anafurahi, lakini safari ya zile dola haijaanza. Maduka ya kubadilisha fedha yananunua vinoti vya dola moja na tano kwa bei ya chini kuliko vya mia. Kama ni noti ya zamani, ya kabla ya 2006, au ina mkunjo uliochanika, hawaitaki kabisa. Nimewahi kuzunguka na dola kumi ya mwaka 1995 kwa miezi mitano. Hela ya kweli, na sikupata hata kilo ya sukari.

Loji moja ikatuletea kimraba kinachofungua ukurasa wa kulipa kwa kadi, kwa sababu mtalii MoMo hana. Wazo zuri, shida ni mahali. Watu wanashukuru pale pale wanapotoka msituni, matope hadi magotini, moyo umejaa, na pale mtandao unakuja na kuondoka kama ukungu. Ukimwambia "tafadhali lipa ukifika lojini", akifika anaoga, anakula, analala. Kesho yuko hifadhi ya Queen Elizabeth anatazama simba na wewe ameshakusahau. Tulichofanya ni kuhamisha ubao hadi kwenye chai ya jioni, na kiongozi wao anawakumbusha. Imesaidia kidogo. Mimi bado napendelea noti ya shilingi 20,000 mkononi, msinicheke.

Hesabu_za_Wandegeya

Mimi ni karani wa hesabu, nigusie makato maana watu wanaogopa visivyopo na hawaogopi vilivyopo.

Anayelipa kwa MoMoPay hakatwi ada, na hilo peke yake ni sababu ya kuupendelea msimbo kuliko kutumiwa kwenye namba. Mtu mwenye 2,000 ya kukupa hapendi kuongeza ada ya kutuma. Kinachouma ni kutoa. Mtakumbuka Julai 2018 Serikali ilileta kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, watu wakapiga kelele, na Novemba mwaka huo huo ikashuka hadi 0.5 na ikabaki kwenye kutoa tu. Ukitoa 50,000, kodi ni 250. Hiyo ni ndogo. Kubwa ni ada ya kutoa, kwa kuwa inakwenda kwa ngazi: anayetoa elfu mbili kila usiku anaacha kwa wakala sehemu kubwa ya jasho lake kuliko anayengoja akatoa 50,000 mara moja. Na asiyetoa kabisa, akalipia umeme, maji na ada ya mtoto moja kwa moja kutoka kwenye simu, amewashinda wote.

Kuhusu URA, mamlaka ya mapato: mshahara usiozidi 235,000 kwa mwezi haukatwi PAYE, yaani kodi ya mshahara, na biashara ndogo ambayo mauzo yake hayazidi milioni 10 kwa mwaka haitozwi kodi ya mapato. Kwa hiyo mwenye kimraba cha kifuani anayepata elfu sita kwa siku alale usingizi. Ila bakshishi ikiingia kwenye akaunti ya mgahawa, inachanganyika na mauzo ya mgahawa. Bwana wa Jinja, unajitwisha hesabu za hela ambazo si zako. Hilo ulifikirie.

MpigaSolo_Katwe

Jambo wandugu. Mie ni mtu wa Bukavu, napiga gita la solo huku Kampala miaka saba. Sisi wakimbizi wengi tulianza na laini za majina ya watu. Rafiki Muganda anakuandikishia kwa kitambulisho chake, unapokea, unatoa, maisha yanaendelea. Bendi yetu ilikuwa na laini ya namna hiyo, na ubao wa QR tukautengeneza juu ya laini hiyo hiyo. Miezi minane tunaweka humo franga za kununua amplifaya. Siku moja mwenye jina akaenda dukani, akasema laini yangu imepotea, akapewa mpya. Basi. Polisi tuwaambie nini? Jina ni lake, kitambulisho ni chake.

Sasa mkimbizi anaweza kuandikisha laini kwa karatasi zake mwenyewe. Nenda ukapange foleni, hata kama ni siku nzima. Kama jina linalotokea si lako, hela si yako. Watu wakishangilia, wakiskani, wakikuinulia kidole gumba, unampigia mtu mwingine.

Mhudumu_Kabalagala

Pole sana kaka. Amplifaya mlipata hatimaye?

MpigaSolo_Katwe

Tulipata ndogo. Inakoroma lakini inasikika.

Muuza_Rolex

Mnazungumza vizuri ila mmesahau siku mtandao unapozimika. Mimi nakumbuka tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi, pesa za simu zilizimwa nchi nzima. Nilikuwa na mayai trei nne, watu wana njaa na hela zao ziko hewani. Wenye noti ndio waliokula. Mwacheni kila mtu na kimraba chake, lakini kikapu kisiondoke mezani.

Mpiga_Adungu

Kweli. Sisi kikapu kipo, na tumegundua kitu: tukiweka noti mbili tatu humo kabla ya kuanza, watu wanatoa. Kikiwa kitupu kinabaki kitupu. Sijui ubao wa QR unautilia chambo namna gani.

Fundi_Misimbo

Chambo chake ni kiasi. Mtu akifika pale anapoandika kiasi anaganda: nikiweka elfu moja wataniona bahili? London mwaka 2018, wanamuziki wa mitaani walipopewa vifaa vya kupokea kwa kadi, kiasi kilikuwa kimepangwa tayari. Anayegusa amegusa, hafikirii. Andika tu kwenye ubao "1,000 inatosha". Wengine watazidisha wenyewe kwa haya.

Mhudumu_Kabalagala

Narudi na mrejesho, wiki tano zimepita.

Meneja aliniita siku mbili baada ya uzi huu kuanza. Nilidhani ni barua ya kufukuzwa. Kumbe kuna mteja wetu wa Ijumaa, mtu mzima anayeheshimika, aliskani kimraba cha meza, akaona jina la mgahawa, akauliza kwa sauti mbele ya meza zote: "Huyu binti ndiye anaitwa Limited?" Watu walicheka, meneja akaona haya.

Tukakaa kikao, wahudumu na jikoni. Nilitaka kila mtu avae chake. Jikoni wakakataa, na baada ya yale ya bwana wa Jinja sikuwa na uso wa kubishana. Tumeandikisha msimbo mmoja wa wafanyakazi, mwenye jina ni Mama Mpishi, simu inakaa jikoni ndani ya kopo la chumvi. Jumatatu asubuhi inasomwa salio mbele ya wote kabla ya mtu kugusa kitu. Sitini kwa mia kwa wahudumu, thelathini jikoni, kumi kwa anayeosha vyombo na askari wa getini. Wiki iliyopita mimi nimepata 31,000. Nilipokuwa na kimraba changu peke yangu nilikuwa nafika 45,000, siwafichi. Nimekivua, na siku nyingine roho inaniuma.

Vya zamani vimebanduliwa mezani, isipokuwa kimoja kilichogoma kutoka tukabandika kipya juu yake. Ndiyo, Fundi, najua, nikipitisha kucha hapo inainuka.

Swali la mwisho: tunataka kuchapisha vipya kumi na viwili kwenye kitu kigumu, visiliwe na maji. Niende wapi?

Fundi_Misimbo

Nasser Road, pale kuna kila kitu. Waambie plastiki isiyong'aa, sentimita 8, tarakimu chini. Ila ni Nasser Road, dada yangu, wale wanachapisha chochote na cha yeyote. Kabla hujatoa hela, skani vyote kumi na viwili mbele yake, kimoja kimoja, na kila kimoja usome jina.

Mhudumu_Kabalagala

Nitakwenda na Mama Mpishi. Yeye mwenyewe hana simu janja, ila jina lake analijua kulisoma.